Mtoto Asiyetulia Darasani: Kile Ambacho Dawa Hukifanya na Kile Isichokifanya

Katika kila shule ya msingi mwalimu humjua mtoto wa namna hii. Kabla somo halijafika nusu, amekwisha kusimama mara tatu. Kalamu aliyopewa asubuhi imepotea. Ametumwa chaki ofisini, akarudi mikono mitupu na habari ndefu ya mbuzi walioingia bustani ya shule. Akiulizwa swali hulijibu kabla halijakamilika, na pengine hulijibu vizuri. Lakini mtihani wa muhula ukisahihishwa, jina lake hukaa chini kabisa ya orodha.

Mtaani hutolewa maelezo mengi juu yake. Wapo wasemao amerogwa, wapo wasemao amedekezwa, na wapo ambao maelezo yao yote ni fimbo. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, tena kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Ni vigumu kuona vipi kusahau kalamu kunaweza kuhesabiwa humo. Siku hizi yameongezeka maelezo mengine. Mzazi mwenye ndugu Dar es Salaam au ng'ambo huambiwa kwamba ipo dawa, kidonge kimoja tu cha asubuhi, ambacho humfanya mtoto kama huyo akae, asikilize na afaulu. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si yote. Kukaa na kusikiliza ni jambo moja. Kujifunza na kukumbuka ni jambo jingine, na dawa hailitendei kila moja kwa kiasi kilekile.

Kirangozi anayesinzia

Hali inayozungumzwa hufahamika kwa wataalamu kwa herufi nne, ADHD: upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kulikopita kiasi cha umri wa mtoto. Makadirio yaliyokusanywa kutoka nchi nyingi yanaonyesha kuwa huwapata watoto wapatao 5 katika kila 100. Si kila mtoto mtundu anayo. Ili daktari aitamke, dalili ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, zidumu kwa miezi 6 au zaidi, zionekane nyumbani na shuleni pia, na ziwe zinamkwamisha mtoto kweli katika maisha yake. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, kwa wengine akatulia, anahitaji kuchunguzwa kwa jicho jingine.

Wakazi wa Tabora wana mfano wa karibu wa kuifahamu hali hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, ilitembea nyuma ya kirangozi. Kazi yake ilikuwa kuongoza njia na kuweka mwendo wa wenzake. Mapagazi mia mbili wenye shingo imara, kirangozi wao akisinzia, watatawanyika kila mmoja chini ya mwembe wake, na nguvu zao zote hazitawafikisha popote.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, hufanya kazi inayofanana na hiyo. Huchagua jambo la kushughulikiwa sasa, huzuia mengine yasiingilie, na hushikilia akilini kitu kidogo kwa sekunde chache wakati kitu kingine kinatendwa. Mtoto wa darasa la pili anayejumlisha 47 na 38 hupata 15 katika mamoja. Huandika 5, kisha hana budi kuishika ile 1 kichwani mpaka ajumlishe makumi. Ikimponyoka, ataandika 75, naye atahesabiwa kuwa hajui kujumlisha. Huko kushika kwa muda mfupi ndiko wataalamu wanakokuita kumbukumbu ya kazi. Ni tofauti na kumbukumbu ya kudumu, ile inayohifadhi majina ya mito, jedwali la kuzidisha na njia ya kwenda kwa bibi. Watoto wengi wenye ADHD wana kumbukumbu ya kudumu isiyo na kasoro kubwa. Udhaifu wao uko katika ile ya kazi, yaani mlangoni, kabla jambo halijaingia ghalani.

Ubongo huo wa mbele hutegemea sana kemikali mbili zinazopitisha ujumbe kati ya seli, dopamini na noradrenalini. Dawa za kuchangamsha, yaani methilfenideti na jamii ya amfetamini, huziongeza kemikali hizo pale zinapofanyia kazi. Methilfenideti hufanya hivyo kwa kuzizuia zisirudishwe haraka ndani ya seli zilizozitoa. Ndiyo sababu ya lile linalowashangaza wengi, kwamba dawa ya kuchangamsha humtuliza mtoto asiyetulia: haimlazi, bali humwamsha kirangozi.

Vidonge vya hesabu

Jambo hili lilijulikana kwa bahati. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, aliyesimamia hospitali ya watoto katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, alikuwa akitafuta namna ya kuwaondolea watoto maumivu makali ya kichwa yaliyofuata kipimo fulani cha ubongo. Aliwapa watoto 30 dawa ya Benzedrine, ambayo ni amfetamini. Maumivu hayakupungua sana. Hata hivyo, 14 miongoni mwao walibadilika ghafla katika kazi za darasani, wakafanya mengi na kwa bidii, hata watoto wenyewe wakaanza kuviita vidonge vya hesabu. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, Uswisi, akaunda methilfenideti. Mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita kwa kifupi, aliijaribu kabla ya kucheza tenisi, na kutokana na jina hilo dawa ikauzwa kama Ritalin.

Jina walilotunga watoto wa Rhode Island lina mtego ndani yake. Vidonge vilimwezesha mtoto kufanya hesabu alizokwisha kufundishwa. Havikumfundisha hesabu.

Tofauti hiyo ilichukua miaka mingi kupimwa ipasavyo. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Florida, wakiongozwa na William Pelham, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya katika kambi ya likizo yenye watoto 173 wa umri wa miaka 7 hadi 12, wote wakiwa na ADHD. Kwa wiki tatu watoto walifundishwa kila siku maneno mapya pamoja na mada za sayansi na maarifa ya jamii. Kisha wiki tatu nyingine, kwa mada nyingine. Kila mtoto alitumia methilfenideti katika kipindi kimoja, na katika kipindi cha pili alipewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Wakati wa dawa watoto walikamilisha hesabu nyingi zaidi kwa dakika, ongezeko la asilimia 37, na kuvunja taratibu za darasa kulipungua kwa asilimia 53. Mwalimu yeyote angefurahi. Lakini walipopimwa maneno mapya na mada walizofundishwa, kiasi walichojifunza kilikuwa kilekile, wakiwa na dawa au bila dawa. Waliokuwa wametumia dawa siku yenyewe ya mtihani walipata alama kidogo zaidi, si za kubadilisha daraja la wengi wao.

Matokeo hayo yasisomwe kwa pupa. Watoto hao walifundishwa kwa vikundi vidogo, na walimu wenye sifa waliokuwa na wasaidizi, katika kambi iliyokuwa na utaratibu wa kuwatia moyo na kuwarekebisha saa zote. Darasa la watoto 90 wanaobanana kwenye madawati ni mahali pengine kabisa. Inawezekana kwamba pale ambapo mafundisho ni hafifu, mtoto aliyetulia huokota zaidi ya yule asiyetulia. Hata hivyo maana yake kubwa inabaki: palipofundishwa vizuri, watoto wenye ADHD walijifunza hata bila dawa. Na kwa lugha ya njia ya misafara, kirangozi akiamka msafara hushika njia, lakini shehena ambayo haikufungwa Bagamoyo haitaonekana Ujiji.

Lipo jambo la pili ambalo mzazi anapaswa kulijua, nalo linahusu kiasi cha dawa. Mwaka 1977 Robert Sprague na Esther Sleator wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapima watoto kwa mchezo wa kukumbuka picha. Kwa kiasi kidogo, miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, watoto walikumbuka vizuri zaidi. Kwa kiasi kikubwa, miligramu 1 kwa kilo, kumbukumbu ilishuka. Lakini walimu walipoulizwa ni wakati gani tabia ya watoto ilikuwa nzuri kuliko zote, walitaja wakati wa kiasi kikubwa. Tafiti za baadaye hazikuliona anguko hilo kila mara, lakini onyo lake halijapitwa na wakati. Mtoto aliye kimya kabisa, aliyekodoa macho ubaoni bila kuuliza wala kucheka, huenda amepewa dawa kwa faida ya darasa kuliko kwa faida ya akili yake. Daktari akiuliza dawa inafanyaje kazi, jibu la "ametulia" halitoshi. Atazamwe anakumbuka nini.

La tatu ni la kuwaonya wenye haraka. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake waliwapa dawa ya jamii ya amfetamini wavulana 14 wasio na tatizo lolote. Nao pia walitulia na kufanya vizuri zaidi katika vipimo vya umakini. Kwa hiyo mtoto kutulia baada ya kumeza kidonge cha jirani hakuthibitishi kuwa ana ADHD.

Kuhusu muda mrefu, utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 1999, wenye watoto 579, ulionyesha kwamba katika miezi 14 dawa iliyosimamiwa kwa uangalifu ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Katika alama za masomo tofauti ilikuwa ndogo. Watoto haohao walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, makundi yalikuwa hayatofautiani tena. Na waliotumia dawa mfululizo walikuwa wamepungukiwa kimo kwa kama sentimita 2 wakilinganishwa na wasiotumia. Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayopanga orodha ya dawa muhimu iliombwa kuiingiza methilfenideti mwaka 2019 na tena 2021, ikakataa mara zote mbili kwa kuwa ushahidi wa faida zake za muda mrefu haukuiridhisha. Wapo madaktari bingwa wasiokubaliana na uamuzi huo, na hoja yao ina uzito: mtoto anayefukuzwa shule leo hawezi kungoja ushahidi wa miaka kumi.

Si kila kutotulia ni ADHD

Katika mkoa wa Tabora, kabla ya kufikiria dawa hizo, yapo mambo ya kutazamwa kwanza ambayo vitabu vya Ulaya huyapitia kwa mstari mmoja.

La kwanza ni malaria. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, ile inayomfanya mtoto apoteze fahamu. Miaka miwili baadaye, mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili, kama vile umakini na kumbukumbu ya kazi. Mzazi aliyemwona mtoto wake akizinduka na kurudi nyumbani anatembea hana sababu ya kuuhusisha usahaulifu wa darasa la tatu na homa ya miaka mitatu nyuma. Anayemchunguza mtoto akumbushwe historia hiyo, hata asipoiuliza.

Kisha kuna masikio. Mtoto anayetoka usaha masikioni kila msimu wa mafua hasikii nusu ya anayoambiwa, na asiyesikia hucheza. Kuna kifafa cha aina isiyoangusha mtu, ambapo mtoto hukodoa macho sekunde chache na kuduwaa, kisha huendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu huandika kuwa hasikilizi. Kuna macho, kuna minyoo na upungufu wa damu, kuna njaa ya saa 4 asubuhi.

Na kuna tumbaku. Msimu wa kukausha, familia hukesha kuangalia moto wa mabani, na watoto hukesha pamoja nao. Anayechuma majani yenye umande hupitishiwa nikotini kwenye ngozi, akapata kizunguzungu, kichefuchefu na kukosa usingizi. Mtoto huyo akiingia darasani asubuhi hafanani na mtoto makini, na hakuna kidonge kinachofaa kumtibu. Dawa yake ni kumwondoa shambani na kumlaza mapema, kwa kuwa ni usingizini ambapo ubongo hukaza yale yaliyosomwa mchana.

Njia ya kupata msaada

Methilfenideti na amfetamini zimo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Asitarajie mtu kuzikuta zahanati, na akiuziwa kidonge chochote dukani bila cheti kwa ahadi kwamba kitaongeza akili, akikatae. Onyo hili linawahusu pia wanafunzi wa sekondari za bweni, ambazo Tabora inazo nyingi na za tangu zamani, wanaosikia kwamba dawa hizi husaidia kukesha kabla ya mitihani. Mwaka 2023 watafiti waliwapima watu wazima 40 wenye afya kwa fumbo la kuchagua vitu vya kupakia katika mkoba, ili thamani iwe kubwa bila uzito kuzidi. Waliomeza dawa walitumia muda na juhudi zaidi, wakapakia vibaya zaidi.

Safari ya mtoto huanzia zahanati au kituo cha afya, ambako malaria, damu, masikio na macho hutazamwa. Asiyepata jibu huko huelekezwa hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Na inapohitajika kuonana na bingwa wa magonjwa ya akili, rufaa huweza kufika Mirembe mjini Dodoma au Bugando mjini Mwanza. Sambamba na hayo mzazi aonane na Afisa Elimu Maalumu wa Halmashauri, kwa sababu sehemu kubwa ya msaada haitoki hospitalini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa unaweka mbele mafunzo kwa wazazi na walimu, na unaelekeza kwamba methilfenideti isitolewe bila ushauri wa bingwa, wala kwa mtoto aliye chini ya miaka 6.

Mafunzo hayo si ya gharama. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha. Apewe agizo moja kwa wakati, alirudie kwa kinywa chake kabla ya kuondoka. Ile 1 ya kubeba iandikwe juu ya makumi, isiachiwe kichwa peke yake. Somo la dakika kumi mara tatu kwa siku humkaa kuliko la nusu saa kwa mkupuo mmoja, na kuulizwa kesho yake kile alichosoma leo humsaidia kukumbuka kuliko kukisoma tena. Apewe kazi inayoruhusu kusimama, kama kugawa madaftari. Akifanya vizuri asifiwe palepale, si Ijumaa kwenye mstari.

Kwa mtoto ambaye bingwa ameamua kumpa dawa, yapo ya kuangaliwa nyumbani. Kidonge cha kawaida cha methilfenideti hufanya kazi kwa saa 4 hivi. Kikimezwa saa 1 asubuhi, nguvu yake imekwisha saa 5, na mwalimu asishangae. Hupunguza hamu ya kula, hivyo mtoto ale kwanza ndipo ameze, na chakula cha jioni kiwe cha kutosha kufidia cha mchana. Kikimezwa jioni huiba usingizi, na pamoja nao kumbukumbu ya siku nzima. Uzito, kimo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vipimwe kila anaporudi kliniki. Vidonge vifungiwe, vihesabiwe, wala asigawiwe ndugu yake hata mmoja.

Anayempeleka mtoto kwa mara ya kwanza achukue kadi yake ya kliniki ya utotoni, madaftari mawili ya mwaka huu na moja la mwaka jana, barua fupi ya mwalimu inayoeleza anachokiona darasani kwa mifano, na orodha ya homa kali, degedege au kupoteza fahamu kokote tangu azaliwe, pamoja na mwaka wa kila tukio. Mtoto mwenyewe aulizwe pia. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kama haelewi, hasikii, au amelala saa ngapi.